Bustani Inayotazama Volkano

Masomo: Mwanzo 2:15, Zaburi 121:1-2, Mithali 22:3



Leo twende pamoja, kwa mawazo, mpaka Japani, katika mji wa Kagoshima. Mji huo unafanana na wetu. Sisi tuna Ziwa Kivu na Nyiragongo. Wao wana ghuba ya bahari, na ng'ambo yake mlima wa moto uitwao Sakurajima.

Mwaka 1658 mtawala wa huko, Shimadzu Mitsuhisa, alijenga makao yenye bustani iitwayo Sengan-en. Bustani nyingi za Japani huchimbiwa kidimbwi na kurundikiwa kilima. Hapa ghuba ndiyo kidimbwi, na volkano yenyewe ndiyo kilima. Ufundi huo wanauita shakkei, yaani mandhari ya kuazima. Mgeni hupita kati ya mawe na miti iliyotunzwa. Akiinua macho, anakutana na mlima unaotoa moshi.

Na mlima huo si picha. Mwaka 1914 ulilipuka, lava ikajaza maji yaliyokuwa kati, na kisiwa kikaungana na nchi kavu. Mpaka leo majivu huanguka mjini. Wakaaji hupewa mifuko ya kuyakusanyia, na watoto wanaoishi chini ya mlima huenda shule na kofia ngumu kichwani. Hawajifanyi kwamba mlima haupo. Wanafagia, kisha wanatunza bustani.

Sasa turudi Goma. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikafika Buhene. Siku tano baadaye serikali iliamuru kartie kumi zihame, na wako waliosema, «Mwenye imani hakimbii.» Maneno hayo yalimlemea mama aliyekuwa barabarani kuelekea Sake, mtoto mgongoni, godoro kichwani. Je, mama huyo alimkana Mungu? Hapana! Sulemani anafundisha kwamba mtu wa busara akiona hatari hutafuta pa kujificha. Lutu aliambiwa atoke Sodoma. Yusufu aliambiwa usiku amchukue mtoto Yesu akimbilie Misri. Bwana wetu mwenyewe alikuwa mkimbizi.

Angalieni mwimbaji wa Zaburi ya 121. Aliinua macho atazame milima, hakuyafumba. Lakini msaada hakuuomba mlima, aliuomba kwa Yeye aliyeuumba.

Katika Edeni mtu alipewa kazi mbili: kulima na kutunza. Kutunza ni kusikiliza watu wa OVG, kujua njia ya kutokea, kuweka karatasi za watoto mahali pamoja, kukumbuka mzee jirani asiyeweza kutembea. Kulima ni kile mnachokifanya ninyi mnaobeba udongo kwa chukudu, mkaumwaga juu ya mawe ya lava, mkapanda lengalenga. Kupanda huko si kusahau. Ni kusema mlima una nguvu, lakini si bwana wetu.

Tuombe. Ee Baba, tupe macho yanayoona hatari, miguu inayotii kwa wakati, na mikono inayorudi kupanda. Katika jina la Yesu. Amina.