Namba za Mtungi wa Fundi Friji: Mkataba wa Mazingira Uliotimiza Ahadi

Katika karakana ya fundi friji, iwe Kariakoo au Mombasa, mikataba ya kimataifa imeandikwa kwenye mitungi ya gesi. Mafundi wazee walijifunzia kazi kwa R12. Baadaye R134a ikachukua nafasi yake, na R22 ikatawala viyoyozi kwa miaka mingi. Siku hizi friji mpya nyingi zinakuja na R600a, gesi inayoshika moto na inayomtaka fundi awe mwangalifu zaidi. Namba hizo hazikubadilishwa na fasheni ya viwanda. Zilibadilishwa na wajumbe wa serikali waliokesha wakibishana, na makala hii inazifuata kwa sababu, katika juhudi zote za dunia za kuokoa mazingira, zilizoleta namba hizi ndizo zilizozaa matunda makubwa kuliko nyingine.

R12 ni ya jamii ya kemikali ziitwazo CFC, zilizobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Zilipokelewa kwa furaha, na haikuwa furaha ya bure: friji za awali zilitumia gesi kama amonia na dioksidi ya salfa, ambazo zikivuja ndani ya nyumba zinaweza kuua. CFC haziwaki, hazinuki na hazidhuru anayezivuta kidogo. Swali lililosahauliwa ni moja tu: zikishavuja, zinakwenda wapi?

Mwaka 1974 Mario Molina, mkemia mzaliwa wa Meksiko, na Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha California walilijibu. Kwa kuwa huku chini hakuna kinachoziozesha, CFC hupanda polepole mpaka kwenye tabaka la ozoni, kilomita nyingi juu ya vichwa vyetu. Huko miali ya urujuanimno huzivunja na kuachia klorini, na chembe moja ya klorini inaweza kuharibu hadi molekuli 100,000 za ozoni. Tabaka hilo ndilo linalotukinga na miali inayosababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Wenye viwanda walipinga kwa nguvu. Kisha, mwaka 1985, Joe Farman na wenzake wawili kutoka Uingereza wakatangaza vipimo vyao vya Antaktika: kila majira ya kuchipua yalipofika, ozoni ya huko ilikuwa ikipungua vibaya mno.

Tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ilitiwa saini. Aliyesukuma mazungumzo hayo kwa ustadi wa pekee alikuwa Mwafrika, Mostafa Tolba, mwanasayansi wa Misri aliyeongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira kutoka makao yake makuu Nairobi. Inasikitisha kwamba jina lake halitajwi sana shuleni kwetu.

Mwanzoni itifaki ilikuwa dhaifu: ilitaka CFC zipunguzwe kwa nusu tu. Nguvu yake ilitokana na namna ilivyoundwa. Iliruhusu masharti yakazwe kadiri sayansi inavyofunua mapya. Iliwapiga marufuku wanachama kufanya biashara ya kemikali hizo na nchi zilizobaki nje, kwa hiyo kukaa pembeni kukawa hasara. Nchi zinazoendelea zilipewa miaka 10 zaidi ya kujipanga. Hata hivyo India na China zilisita, zikiuliza nani atalipa gharama za kubadilisha viwanda. Jibu lilipatikana London mwaka 1990, ulipoanzishwa mfuko maalumu. Kamati yake ina wajumbe 14, saba wa nchi tajiri na saba wa nchi zinazoendelea, na fedha zake zimebadilisha mitambo na kufundisha mafundi. Hapo ndipo penye siri ya mafanikio: maskini hakupewa hotuba, alipewa fedha na kiti chenye kura.

Leo nchi zote duniani zimeiridhia, na ina wanachama 198. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya Januari 2023 inakadiria kwamba sehemu kubwa ya dunia itarudi kwenye kiwango cha ozoni cha mwaka 1980 ifikapo takriban 2040, na Antaktika takriban 2066.

Lakini R134a nayo ilikuwa na kasoro yake. Haidhuru ozoni, ila kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana wajumbe wa itifaki walikutana Kigali, na alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2016 wakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo kwa zaidi ya asilimia 80 katika miaka 30. Hatua hiyo inaweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya joto kufikia mwisho wa karne.

Sasa, kwa kulinganisha, itazamwe plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Machi 2022, Nairobi, dunia iliahidi kuandika mkataba wa uchafuzi wa plastiki kabla ya mwaka 2024 kwisha. Mazungumzo ya Busan, Korea Kusini, yalishindwa, na ya Geneva ya Agosti 2025 yakavunjika bila makubaliano, huku nchi kubwa zinazozalisha mafuta zikikataa kikomo cha uzalishaji. Kwa kuwa uamuzi ulitegemea maafikiano ya wote, wachache waliweza kuwazuia wengi.

Wajumbe wa Afrika Mashariki watakaporudi kwenye meza hiyo wadai vitu viwili vya Montreal: mfuko wenye kura sawa, na marufuku ya biashara na watakaobaki nje. Wasikubali kutia saini karatasi isiyo navyo.