Owino Uhuru: Fidia Haizoi Udongo

Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kilifungwa mwaka 2014. Sumu yake, madini ya risasi, imebaki. Madini hayo hayaozi. Hukaa kwenye udongo wa juu, hupeperushwa na upepo, na mtoto huyameza anapocheza mchangani kisha akatia vidole mdomoni.

Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kazi hiyo. Rufaa zikafuata, na fidia ikatenguliwa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia.

Lakini fidia haizoi udongo.

Kwa kawaida wataalamu huugawa mtaa vipande vipande, wakachota udongo wa juu na wa chini, uani na kando ya mitaro, wakaupima. Hapo ndipo hujulikana pa kuchimba na pa kufunika kwa udongo safi au zege. Mkazi ana haki ya kuuliza: ua wake umepimwa? Udongo uliochimbwa unamwagwa wapi? Na nani atapima tena kazi ikiisha?