Kuuliza Maudhi ya Dawa ni Sehemu ya Tiba ya Saratani



Saratani nyingi siku hizi haziishii kwenye upasuaji mmoja au mizunguko michache ya dripu. Mwanamke aliyetibiwa saratani ya titi anaweza kumeza tamoksifeni kila siku kwa miaka 5, pengine 10, na mwenye saratani sugu ya damu aina ya mailoidi humeza imatinibu miaka nenda miaka rudi. Watu hawa wanafundisha, wanalima, wanafungua duka asubuhi, na dawa imo mwilini mwao wakati wote huo. Joto linalowapanda ghafla usiku, macho yanayovimba, misuli ya miguu inayokaza na kichefuchefu kisichoisha tumezoea kuvihesabu kuwa maudhi madogo madogo yanayoweza kusubiri. Ninachotetea leo ni kwamba kuyauliza maudhi hayo, kuyaandika na kuyashughulikia ni tiba yenyewe, kwa uzito uleule wa kupima damu na kupanga dozi.

Nianze na imatinibu, kwa kuwa ushahidi wake uko wazi. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2001, iligeuza ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi ndani ya miaka michache kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha matokeo ya wagonjwa 87 waliokuwa wameitumia kwa miaka. Vidonge vyao vilikaa kwenye chupa ambazo vifuniko vyake vilirekodi kila zilipofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi walikuwa na uwezekano wa asilimia 94.5 wa kufikia, ndani ya miaka sita, kiwango cha chini cha ugonjwa ambacho madaktari hukilenga. Kwa waliobaki uwezekano ulikuwa asilimia 28.4. Asilimia 90 maana yake ni kukosa vidonge vitatu tu kwa mwezi. Na wagonjwa walipohojiwa baadaye, wapo waliosema walisahau, lakini wapo pia walioruka kwa makusudi ili wapumzike na maudhi ya dawa. Kichefuchefu ambacho hakuna aliyekiuliza kinaweza kuwa njia ambayo saratani inarudia.

Ushahidi wa pili unatoka New York, ambako mtafiti Ethan Basch na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 766 wa saratani zilizosambaa, waliokuwa kwenye tibakemikali. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Wengine waliripoti dalili 12 kwa kompyuta, na dalili ikizidi muuguzi alipata taarifa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba walioulizwa waliishi miezi 31.2 kwa wastani wa kati, dhidi ya 26.0 kwa wenzao. Miezi mitano! Ipo dawa mpya inayouzwa kwa bei ya nyumba na haifikishi hapo. Wapo wanaohofu kwamba mgonjwa akiulizwa sana atalalamika, dozi itapunguzwa, na saratani itapata mwanya. Utafiti huo unaonyesha kinyume: walioulizwa walidumu kwenye tibakemikali muda mrefu zaidi, kwa sababu tatizo lilishikwa kabla halijawashinda. Wapo pia watakaosema hayo ni ya nchi zenye kompyuta. Lakini waliofaidika zaidi katika maeneo kadhaa, ikiwamo ubora wa maisha, ni wale ambao hawakuwa na mazoea ya kompyuta, wakaulizwa walipofika kliniki.

Pingamizi zito zaidi ni la watumishi. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni atauliza saa ngapi? Sibezi hoja hii, ila inachukulia kwamba lazima aulize daktari. Uganda mwaka 2004 ilibadili kanuni ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waweze kuandika mofini, na mofini ya maji ikawafikia wagonjwa ambao wasingemwona daktari. Na kwamba maudhi ya dawa si jambo dogo, kliniki zetu za VVU zilitufundisha kwa gharama kubwa. Dawa ya stavudini ilidhibiti virusi vizuri, lakini iliwaacha watu na miguu inayowaka moto na mashavu yaliyobonyea, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziiondoe hatua kwa hatua. Madhara pekee yalitosha kuiondoa dawa inayofanya kazi. Sioni kwa nini mgonjwa wa saratani astahili chini ya hapo.

Hata hivyo swali lenyewe lina ufundi wake. Kwa adabu zetu, mtu akiulizwa habari hujibu nzuri kwanza, na mgonjwa anayepewa dawa bure huona aibu kuilalamikia. Kwa hiyo “unaendeleaje?” haitoshi. Anayepata tibakemikali ya paklitakseli aulizwe kama anaweza kufunga vifungo vya shati, kutia uzi kwenye sindano, kutofautisha sarafu kwa vidole. Hapo ganzi hujitokeza mapema, kabla haijawa ya kudumu. Aulizwe jana alikula nini, na vidonge vingapi vimebaki kwenye chupa. Zaidi ya yote aulizwe kuhusu homa. Wiki moja au mbili baada ya dripu chembe nyeupe za damu hushuka, na homa ya usiku huo, ambayo kwetu mtu huidhania malaria akanunua dawa dukani, inaweza kuwa maambukizi yanayoua kwa saa chache. Anahitaji hospitali na antibiotiki usiku uleule, na ahadi kwamba atapokelewa bila kuambiwa asubiri siku ya kliniki.

Yapo maudhi yasiyo na dawa ya uhakika, na uchovu ni mojawapo. Unaweza kudumu miezi baada ya tiba, wala usingizi hauuondoi. Mazoezi mepesi ya mara kwa mara yameonekana kusaidia, ingawa hayamalizi tatizo. Hata hapo kuuliza kuna kazi: uchovu ukishaandikwa kwenye kadi ya kliniki, muuguzi anaweza kumweleza mume au mama mkwe kwamba ni matokeo ya dawa na si uvivu, na mwajiri anaweza kuombwa kwa barua apange zamu upya.