Nani Anayelipa Mezani?

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Luka, sura ya 16, habari za yule wakili dhalimu. Ikiwa Biblia iko karibu, ifungue. Ikiwa uko jikoni, sikiliza tu, utasoma baadaye.

Kijana mmoja wa ushirika wetu aliniuliza baada ya ibada, "Mchungaji, ninajifunza poka kwa simu, ile ya Texas. Si bahati tu, ni akili. Je, ni dhambi?" Wengi wetu tungemkemea kwa neno moja tukaenda zetu. Lakini mtu aliyeuliza kwa moyo wake wote astahili jibu la mtu aliyeutazama mchezo wenyewe.

Mchezo huu ni wa Marekani. Mwaka wa 2007 bunge la jimbo la Texas liliutambua mji wa Robstown kuwa mahali ulipozaliwa. Karata ni 52. Kila mchezaji hupewa mbili, naye huzificha. Kisha tano huwekwa wazi mezani kwa ajili ya wote: tatu kwanza, halafu moja, halafu ya mwisho. Katika hizo saba kila mmoja hutafuta tano zilizo bora. Katikati ya hatua hizo watu huweka fedha, huziongeza, au hutupa karata zao na kuacha walichokwisha kuweka.

Kijana alisema kweli, akili imo. Kupewa ree mbili hutokea mara 1 katika 221. Mwenye kopa nne, anayeingoja ya tano katika karata ya mwisho, hushindwa karibu mara 4 katika 5. Anayejua hayo hutupa karata nyingi kuliko anazocheza, naye hungoja kwa saburi ambayo, nisema wazi, siioni katika vikao vyetu vya kamati. Katika mfano wa wakili Bwana wetu aliuona werevu wa watu wa dunia, wala hakuuficha.

Lakini hesabu ni nusu tu. Nusu ya pili ni mtu aliyeketi mbele yako. Unajifunza kuutazama mkono wake unaotetemeka, na kuufanya uso wako uwe kama ukuta. Katika simu uso hauonekani, basi unajifunza anakawia kiasi gani, na anaongeza fedha namna gani akiwa na hofu. Tena unajifunza kuchagua meza. Mchezaji stadi hutafuta meza yenye aliye dhaifu kuliko yeye: aliyechoka, aliyelewa, au anayezifukuza fedha alizopoteza jana. Hutafuta hivyo kwa sababu fedha hazioti mezani. Zatoka mifukoni mwa walioketi, na mwenye nyumba hukata sehemu yake, hata wote kwa jumla huondoka na pungufu ya walicholeta.

Vijana husimuliana habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliyejipatia nafasi kwa kucheza katika kompyuta, na mwaka wa 2003 akashinda dola milioni 2.5 huko Las Vegas. Ni kweli. Wachezaji walikuwa 839. Ni nani awasimuliaye wale 838?

Sitaweka sheria ambayo Maandiko hayakuiweka. Karatasi yenye picha ya mfalme si dhambi, na binamu wanaocheza kwa maharagwe sina neno nao. Hata Mathiya alipatikana kwa kura, Matendo sura ya 1. Askari nao walipiga kura chini ya msalaba, Yohana sura ya 19. Kura ni kura. Ila pale msalabani palikuwa na mtu aliyevuliwa nguo ili wao wapate cha kushindania, na hakuna aliyeinua macho kumtazama.

Basi nilimuuliza kijana, "Ukishinda, ni nani anayelipa? Je, waweza kumwombea huku ukingoja akosee?" Alinyamaza. Sijui ameamua nini, bado namwombea.

Nawe mama unayenisikia, ambaye karo ya mtoto imeishia katika simu ya mwenzako, usiende kukopa kwa siri ili kumfunika. Mwombe ataje deni lote kwa sauti, shilingi kwa shilingi, mbele ya mtu mmoja mnayemwamini, na kwa muda fedha za nyumba zikae mkononi mwako. Mwiteni mchungaji wenu. Aje kusikiliza, mahubiri yangoje Jumapili.

Tuombe. Ee Bwana, uliyevuliwa vazi lako, mtazame aliyeketi usiku huu akitafuta kurudisha alichopoteza. Mpe nguvu ya kuinuka sasa, angali ana nauli ya kumfikisha nyumbani. Amina.