Kula Ushindwe: Ofa za Chakula na Tumbo la Aliyefunga

(Mazungumzo na vijana wa Kibera na Kawangware, baada ya swala ya Alasiri)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu, kaka na dada, nimeombwa nizungumze kuhusu futari na afya. Wengine wenu mnanijua, na naona mnacheka chini chini. Mnasema, huyu si yule wa chips pale Kawangware? Naam, ndiye mimi. Nimezaliwa Makina, hapa hapa Kibera, na kibanda changu kiko Kawangware. Mimi si shekhe wala si daktari. Nimesimama nyuma ya karai la mafuta miaka mingi, na leo nataka niwaeleze yale ambayo mteja hayaoni akiwa upande wa mbele.

Ramadhani ya mwaka jana nilibandika karatasi pale kibandani: chips na soseji shilingi 150, soda kunywa mpaka ushindwe. Ikawa vurugu. Baada ya Maghrib watu walipanga foleni mpaka barabarani. Na sasa niwaambie siri ya ofa ile, maana biashara nyingi za aina hii zinakwenda hivyo hivyo, hata zile kubwa zenye taa na vioo.

Kwanza nilipandisha bei kidogo na kupunguza viazi kidogo. Hakuna aliyegundua, macho yote yalikuwa kwenye soda. Pili, soda nilikuwa nanunua chupa za lita mbili, chupa moja inatoa vikombe vinane. Nilijua kwamba mtu akishakula chips za mafuta na kikombe kimoja cha soda, cha pili anakimaliza kwa taabu. Wengi hushindwa hapo. Wale wachache wanaokunywa vikombe vinne au vitano wanalipiwa na wale walioshindwa na kimoja. Kwa hiyo wewe unayetoka ukijipiga kifua kwamba leo umemla mwenye duka, pole ndugu yangu. Hesabu yako ilishafanywa kabla hujaingia.

Ukienda kwenye zile hoteli za bufee za futari, angalia meza ilivyopangwa. Mwanzo utakuta mikate, wali, viazi, saladi na supu. Nyama iko mwisho kabisa, na aliyeshika kijiko cha nyama mara nyingi ni mfanyakazi wao. Ukifika pale sahani imejaa. Na zile piza za Jumanne, mbili kwa bei ya moja? Ulitoka nyumbani na njaa ya piza moja. Ile ya pili umeila kwa sababu ya nini?

Jambo hili halikuanza jana. Hapo Lang'ata, si mbali na Kibera, kuna mkahawa wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980. Utaratibu wake unajulikana dunia nzima: mezani kuna kibendera, na wahudumu wanazunguka na nyama kwenye mapanga, wanakukatia na kukukatia mpaka wewe mwenyewe uteremshe bendera kukubali kwamba umeshindwa. Mimi sijawahi kula pale. Lakini kile kibendera nimekifikiria sana. Mwenye mkahawa amekuachia wewe uamuzi wa kusema basi, kisha akaufanya uamuzi huo ufanane na kushindwa vitani. Nani anapenda kushindwa, tena mbele ya marafiki?

Sasa nirudi kwenye soda yangu. Alikuwako mzee mmoja, mteja wangu, mtu wa msikitini, mpole. Kila jioni alikuja kufuturu kwangu. Tende moja, halafu vikombe vinne vya soda, wakati mwingine vitano. Mimi nilifurahi, nikimwita "mzee wa ofa", na vijana wakimshangilia. Kumbe ana kisukari, tena cha miaka. Nilijua? Wallahi, sikuwa nimeambiwa. Lakini siku moja nilimwona akinywa dawa, na sikuuliza. Hapo ndipo penye deni langu.

Baada ya Idi binti yake alikuja kibandani. Hakupiga kelele. Alisema, "Kaka, Baba yuko na kidonda mguuni hakiponi. Sukari ilipanda sana mwezi wa Ramadhani. Ni wewe ulikuwa unampa soda?" Nikamjibu, "Dada, mimi sikumlazimisha." Akaniangalia tu, akaondoka.

Sikumlazimisha. Neno hilo limenikaa kooni mwaka mzima. Na nilikuja kujua kwamba wakubwa kuliko mimi walishalitumia mahakamani. Mwaka 2002, huko New York, Marekani, wazazi wa vijana wawili waliishtaki kampuni ya McDonald's, wakidai chakula chake kimewanenepesha na kuwaletea maradhi watoto wao. Jaji Robert Sweet aliitupa kesi ile mwezi wa Januari 2003. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mtu anayejua au anayepaswa kujua kwamba chakula kingi cha aina ile kinadhuru hawezi kumlaumu muuzaji kwa kula kupita kiasi. Wakili alileta mashtaka mapya na kesi ikaburutana miaka mingine. Wabunge wa Baraza la Wawakilishi la Marekani wakapitisha, mwaka 2004 na tena 2005, mswada wa kuzilinda kampuni za chakula na kesi kama hizo, ingawa Seneti haikuupitisha.

Mimi kama muuzaji ningefurahi. Na kweli jaji alisema jambo ambalo Muislamu analijua: mkono ni wako, mdomo ni wako, na Siku ya Kiyama hutaulizwa kibanda kilikuwa na ofa gani. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ametuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Lakini je, anayejua ni nani? Mzee wangu alijua soda ina sukari. Hakujua ni kiasi gani. Kikombe kimoja cha robo lita ni kama vijiko sita vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani kama vijiko sita kwa siku kwa mtu mzima. Basi kikombe cha kwanza tu kilimaliza kipimo cha siku. Mzee alikunywa vinne, na mimi nikampigia makofi.

Na msidhani ni maradhi ya matajiri wa Lavington. Takwimu za serikali za utafiti wa afya ya jamii zinaonyesha kwamba kati ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito walikuwa asilimia 25 mwaka 2008-09, wakawa asilimia 33 mwaka 2014, na mwaka 2022 wakafika asilimia 45. Ni karibu nusu ya dada zetu na mama zetu. Wanaume ni wachache zaidi, lakini msicheke. KFC ilipofungua tawi lake la kwanza Kenya mwaka 2011, pale Junction, mtu wa Kawangware angeweza kwenda kwa miguu. Na hata asiye na pesa za pale, chips zimemfuata mpaka mlangoni, kwangu mimi.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu wahadhiri wengine wakifika hapa huanza kuwagombeza maskini. Kijana wa mjengo anatoka kazini Kawangware na shilingi 100 mfukoni. Githeri inataka saa nzima au zaidi motoni, na gesi imekwisha. Chips ziko tayari, zina moto, zinashibisha. Huyo ana uchaguzi gani mkubwa? Huwezi kumbebesha mzigo sawa na yule anayelipa maelfu kwenda kushindana na bufee mjini, kisha anakosa Tarawehe kwa sababu hawezi kurukuu. Kila mtu na kadiri ya alichoweza kuchagua. Hata kwenye kibanda kuna cha kuchagua: madondo na chapati moja badala ya tatu, sukuma wiki, mayai ya kuchemsha, maji badala ya soda. (Mutura tuiache, ile ina damu.)

Wale wa nyumbani nanyi msijifiche. Nyumba zetu za Makina mwezi huu zimegeuka bufee. Gurusa, sambusa, viazi karai, bajia, kaimati, mahamri, uji wa sukari, na juisi ya unga ile nyekundu. Mama amesimama jikoni tangu Adhuhuri, na asiyekula kila sahani anaonekana hampendi. Mama zangu, tupunguzieni. Vitatu vinatosha.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha, katika hadithi iliyopokelewa na Miqdam bin Ma'dikarib na kutolewa na Tirmidhi, kwamba vitonge vichache vinamtosha mwanadamu, na kama ni lazima azidishe basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya maji na thuluthi ya pumzi. Na sunna ya kufungua kwa tende na maji, kisha ukaswali Maghrib kabla ya kula, ina faida ambayo madaktari wanaieleza pia: tumbo huchukua kama dakika 20 kuupa ubongo habari kwamba limeshiba. Ukiswali kwa utulivu, ukirudi mezani habari imeanza kufika. Ukianza na sahani tatu kwa mpigo, habari inafika umeshapita. Na mwenye kisukari aende kwa daktari kabla ya kufunga, asikae kuuliza wauza chips.

Mwaka huu sikubandika ofa. Mezani kibandani kuna jagi la maji yaliyokamuliwa ndimu, bure, na mafuta nabadilisha mapema kuliko zamani. Sitawadanganya, mauzo yamepungua, na jirani yangu ameichukua ofa yangu neno kwa neno. Sijui nitavumilia mpaka Idi. Niombeeni dua.

Juzi yule mzee alikuja, anatembea kwa mkongojo. Alinisalimia kwa furaha kama zamani, hana kinyongo, na hilo linaniumiza kuliko angenitukana. Akauliza, "Kijana, ile soda ya ofa iko wapi?" Nikamwambia, "Imekwisha, Mzee wangu." Nikamtilia maji ya ndimu, akanywa, akanishukuru. Kisha akaelekea kwa jirani. Nikaacha karai na wateja wangu nikamfuata.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.