Jiko la Makaa Chumbani

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo la nyumbani, nalo ni jiko la makaa liingizwalo chumbani usiku.

Tumeishi Makanyagio, katika mji wa Mpanda, nasi twazijua sababu zake. Wakati wa masika hapana mahali pakavu uani. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya alfajiri hupenya mpaka mifupani. Jiko likiachwa nje huibwa. Na maharage bado hayajaiva! Basi mama mwenye chumba kimoja cha kupanga huliingiza ndani, akafunga mlango na dirisha, nao watoto hulala. Hatumlaumu hata kidogo. Sisi wenyewe tulifanya hivyo ujanani, tukaamka na kichwa kizito, tukameza dawa ya malaria, na usiku uliofuata tukaliingiza tena.

Makaa yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho. Hapo ndipo watu hukosea, maana waogopacho ni moshi. Kuni zikifuka moshi, mtu hukohoa akatoka nje. Bali makaa mekundu, yanayodhaniwa kuwa safi, hayamwonyi mtu.

Mwaka 1857 mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, alieleza kwamba hewa hii huingia katika damu na kuiondoa oksijeni mahali pake. Fikirini mitumbwi ya Karema, ziwani Tanganyika: abiria wasiotakiwa wamekwisha kukaa, hawataki kushuka, na wenye safari yao wamebaki ufukoni. Ndivyo ilivyo damu, kwa kuwa hushikamana na sumu hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Naye John Scott Haldane, aliyeivuta makusudi ili kuipima, katika mwaka 1895 alionyesha kwamba panya huzidiwa mapema kuliko mtu, kwa kuwa pumzi zake ni za haraka. Mtoto mchanga naye hupumua haraka kuliko mamaye. Kwa hiyo twasikitika kila tuonapo mzazi aliyejifungua amewekewa jiko chini ya kitanda apate joto, na mlango umefungwa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kulegea. Kwetu dalili hizo huitwa malaria. Lakini malaria aghalabu haiwapigi watu wote wa nyumba kwa saa moja, wala haipungui mtu atokapo nje. Mkiona hivyo, lishukuni jiko kwanza. Asubuhi nyingine majirani huvunja mlango, wakakuta waliolala hawaamki tena, na maneno ya uchawi yakaanza kabla majivu hayajapoa.

Wako wanaofukia makaa kwa majivu wakidhani wameyazima. Sivyo, huendelea kuungua polepole. Wala beseni la maji halinywi sumu hii, na ufa wa dirisha hautoshi. Zimeni makaa kwa maji, huko huko nje, ndipo jiko liingie. Maharage yalowekwe mchana, yatumie makaa machache. Baridi ikizidi, blanketi la pili ni nafuu kuliko jiko. Jenereta nayo isiwashwe ndani wala barazani karibu na dirisha.

Mkimkuta mtu amezidiwa, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje upesi, nanyi msikawie ndani, kwani wengi wamekufa wakiokoa. Akiwa hapumui, apewe pumzi mdomo kwa mdomo. Msimpe maziwa, hayaondoi sumu iliyo katika damu. Mpelekeni hospitali hata akisema amepona. Katika hewa ya kawaida sumu hupungua nusu kwa muda wa saa 4 au 5. Akivuta oksijeni tupu, muda huo huwa kama saa 1 na nusu au chini yake. Tena mwambieni daktari waziwazi kwamba jiko lilikuwa chumbani, kwa sababu kile kipimo kidogo cha kubana kidole huihesabu sumu hii kuwa ni oksijeni, kikaonyesha kwamba damu ya mgonjwa ni njema.