Kujua Siku ya Kuacha

Nawatolea mfano wa Chris Borland wa Marekani. Katika futiboli ya kwao, ambayo mpira hubebwa mikononi, alikuwa mlinzi wa safu ya pili. Kazi yake kumwangusha abebaye mpira. Mwaka 2014 aliichezea San Francisco 49ers, akasifiwa sana. Machi 2015, akiwa na miaka 24, aliacha, akihofia kwamba vishindo vya kichwa vingemharibu ubongo. Akakubali kurudisha sehemu kubwa ya malipo ya kusaini mkataba. Mkononi alikwisha kuwa na shahada ya historia.

Katika utumishi wa serikali nimeona wengi waking'ang'ania kiti kwa kuwa hawana pa kwenda. Vijana, chezeni kwa bidii, lakini someni, ili siku ya kuacha muweze kuacha.